Kupunguza taka za plastiki shuleni na vyuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na walimu, wanafunzi, wahadhiri, mabwana afya na wakuu wa taasisi kila inapofanyika semina au ziara ya elimu kuhusu plastiki. Hayakupangwa kwa uzito. Ukiona jibu limerefuka, ujue hapo ndipo watu hukwama.

Tunataka kuanza. Tuanze na mabango, semina au mapipa ya rangi?

Acheni vyote vitatu kwa sasa. Anzeni kwa kujua taasisi yenu inatupa nini, kwa kiasi gani, na nani alikinunua. Bango husomwa wiki ya kwanza, hutazamwa wiki ya pili, na mwezi ukiisha limekuwa sehemu ya ukuta. (Na mengi ya mabango ya "tutunze mazingira" yamefunikwa kwa plastiki ili yasilowe. Wanafunzi huliona hilo kabla ya walimu.)

Msimamo wetu ni huu, na majibu mengine yote yanatoka humo: sehemu kubwa ya plastiki inayotupwa shuleni haikuletwa na mtoto mzembe. Iliingia getini kwa hati ya manunuzi yenye saini na muhuri. Kwa hiyo elimu inamhusu pia mtu mzima anayetia saini. Mkifundisha wanafunzi peke yao, mnawafundisha kubeba lawama ya uamuzi ambao hawakuufanya.

Ukaguzi wa taka unafanywaje hasa?

Chagueni siku tatu za kawaida za masomo. Siku ya michezo, ya mitihani au ya mahafali haifai, maana taka zake si za kila siku. Waombeni mapema wafanyakazi wa usafi wasimwage mapipa siku hizo, bali wafunge mifuko na kuiandika kwa kalamu ya wino mzito: bwalo, madarasa, ofisi, mabweni. Wafanyakazi hao waalikwe wakae kama wataalamu, kwa sababu ndio. Wanajua pipa gani hujaa saa nne na lipi hukaa wiki nzima. Taka za vyooni, zahanati na maabara haziguswi kabisa.

Tandikeni turubai mahali penye kivuli na sakafu ngumu, upepo ukiwa umetulia. Upepo ukivuma, karatasi za pipi zitakwenda kuhesabiwa na majirani. Kila anayegusa taka avae glavu nene na viatu vya kufunika vidole. Wanafunzi wadogo waandike hesabu, wasichambue. Mwageni mfuko mmoja mmoja. Chupa zifunguliwe na kumwagwa kilichobaki ndani, la sivyo mtapima soda mkidhani mnapima plastiki.

Sasa inakuja hatua ambayo wengi huifanya kinyume: wanachambua kwa aina ya plastiki. Kwa mchakataji, yaani anayegeuza plastiki iliyotumika kuwa bidhaa mpya, mpango huo una maana. Kwa shule inayotaka kupunguza, chambueni kwa mlango ulioiingiza. Fungu la kwanza ni vilivyouzwa kantini, la pili ni vilivyotolewa na bwalo, la tatu ni vilivyonunuliwa na ofisi, la nne ni vilivyotoka nyumbani, na la mwisho ni msivyovitambua. Mkimaliza, kila fungu lina mwenyewe mnayeweza kwenda kuzungumza naye.

Pimeni kila fungu kwa mizani, kisha hesabuni vipande. Vyote viwili vinahitajika, kwa sababu vifungashio vya vitafunwa ni vyepesi kiasi kwamba mizani karibu haivioni, ilhali kwa idadi mara nyingi ndivyo vinavyoongoza. Gawanyeni uzito kwa idadi ya watu waliokuwapo, mpate gramu kwa mtu kwa siku. Muhula ujao rudieni siku zilezile za wiki, kwa utaratibu uleule.

Karibu kila ukaguzi hutoa kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Huweza kuwa plastiki nyembamba inayofunga mabunda ya madaftari mapya. Huweza kuwa kile kijiko kidogo kinachotolewa na kila bakuli bila mtu kuomba, kikaishia pipani kikiwa bado ndani ya mfuko wake, hakijagusa mdomo wa mtu. Pigeni picha rundo la vijiko hivyo. Picha hiyo ina kazi mbele, kwenye kikao cha utawala.

Tayari tuna siku ya usafi kila mwezi. Haitoshi?

Inasafisha uwanja, na hilo ni jambo jema. Lakini mwezi ujao mtaokota vitu vilevile. Ongezeni jambo moja tu: andikeni kila mnachookota. Shirika la Ocean Conservancy limekuwa likiendesha usafi wa fukwe namna hiyo tangu 1986, watu wakijaza fomu ya kila kipande, na kwa sababu ya fomu hizo tunajua kwamba vichungi vya sigara na vifungashio vya vyakula huwa juu ya orodha mwaka baada ya mwaka. Usafi usio na fomu huacha uwanja safi na watu wakiwa na ujuzi uleule waliokuja nao.

Kwani tukitenganisha taka na kuzipeleka kuchakatwa upya, tatizo si limekwisha?

Halijaisha. Mwaka 2017 watafiti Roland Geyer, Jenna Jambeck na Kara Lavender Law walichapisha hesabu ya plastiki yote iliyotengenezwa duniani hadi 2015. Walipata tani bilioni 8.3. Kati ya hizo, tani bilioni 6.3 zilikuwa tayari taka. Asilimia 9 ya taka hizo ilichakatwa upya, asilimia 12 ilichomwa katika matanuri, na asilimia 79 iko kwenye madampo au imezagaa. Mwaka 1950 dunia ilitengeneza takribani tani milioni 2 kwa mwaka. Siku hizi inapita milioni 400. Hakuna mtambo wa kuchakata unaoweza kukimbizana na ongezeko hilo.

Isitoshe, plastiki huchoka. Kila inapoyeyushwa minyororo ya molekuli zake hukatika, na ndiyo maana chupa nyingi hugeuzwa nyuzi za nguo au mazulia badala ya kurudi kuwa chupa. Safari ya nyuzi hizo huishia hapo.

Hatusemi msitenganishe. Tunasema kabla ya kununua mapipa ya rangi, mpigieni simu mtu atakayechukua taka hizo. Anachukua aina gani? Anataka zimeoshwa? Vifuniko vibaki au vitoke? Anakuja kwa kiasi gani cha chini kabisa? Yapo majengo yenye mapipa matatu ya rangi tatu yanayomwagwa kwenye lori moja. Wanafunzi wakiliona lori hilo mara moja tu, mnaanza upya, na safari hii mnaanza chini ya sifuri.

Ile namba iliyo ndani ya pembetatu ya mishale chini ya chupa ina maana gani?

Inataja aina ya plastiki, basi. Haiahidi kwamba kitu hicho kitachakatwa. Mfumo huo ulianzishwa Marekani mwaka 1988 na chama cha wenye viwanda vya plastiki. Namba 1 ni PET, ya chupa za maji na soda; 2 ni HDPE, ya madumu na chupa za sabuni; 3 ni PVC; 4 ni LDPE, ya mifuko laini; 5 ni PP, ya vifuniko na vyombo vya chakula; 6 ni PS, ikiwemo ile nyeupe nyepesi ya povu; 7 ni nyinginezo zote. Namba 1 na 2 ndizo zinazopata wanunuzi kwa urahisi. Watu walikuwa wakiichukulia mishale ile kama alama ya kuchakatika, hata viwango vya Marekani vikabadilishwa mwaka 2013 ili itumike pembetatu tupu isiyo na mishale. Mishale ingali imejaa kwenye bidhaa.

Tupige marufuku uuzaji wa chupa za maji?

Someni kwanza yaliyotokea Chuo Kikuu cha Vermont, Marekani. Chuo kile kiliacha kuuza maji ya chupa Januari 2013, baada ya wanafunzi wenyewe kupigania hatua hiyo. Watafiti wakafuatilia chupa zilizoingia chuoni kabla na baada. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliwakata watu maini: idadi ya chupa za vinywaji kwa kila mtu haikushuka, ilipanda. Na sukari ilipanda nayo. Mtu aliyekuwa akinunua maji alifika kwenye jokofu, akakuta maji hayapo, akachukua soda au juisi iliyo kwenye plastiki ileile.

Wapo wanaoitumia habari hii kusema marufuku hazifai. Sisi tunaisoma tofauti. Pale kilichoondolewa ni kinywaji, ilhali kilicholengwa ni chupa. Chupa ya soda ikabaki pale pale kwenye jokofu, ikimngoja mwenye kiu.

Kwa hiyo mpangilio uwe hivi. Kwanza maji salama yapatikane bure, karibu na pale kiu inapowashika watu: nje ya bwalo, kila ghorofa, kando ya uwanja. Maji yapimwe, na matokeo yabandikwe juu ya bomba yakiwa na tarehe, kwa maana watu wengi hununua chupa kwa sababu hawaliamini bomba, na wakati mwingine wana haki. Pili, bomba liwe na kimo cha kuingiza chupa nzima. Lile la kunywea kwa kuinama halijazi kitu. Tatu, ndipo mguse mauzo, na muyaguse kwa vinywaji vyote vilivyo kwenye plastiki ya kutumia mara moja.

Mfumo wa Chuo Kikuu cha California ulipotangaza mwaka 2020 sera yake ya kuondoa plastiki za kutumia mara moja ulikwenda kwa awamu: mifuko mwanzoni mwa 2021, vyombo vya chakula katikati ya mwaka huohuo, na chupa za vinywaji zikapewa hadi 2023. Chupa waliziweka mwisho kwa kuwa ndizo ngumu. Nazo zina mikataba ya miaka mingi na kampuni za vinywaji, jambo ambalo klabu nyingi za wanafunzi huligundua baada ya kuwa zimeshatangaza ushindi. Ulizeni mkataba unaisha lini.

Tumpe punguzo anayekuja na kikombe chake?

Punguzo linapendwa kwa sababu halimuudhi mtu. Kasoro yake ni kwamba halifanyi kazi vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cardiff walijaribu njia kadhaa katika mikahawa ya vyuo na maofisi, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Ujumbe wa mazingira ulisogeza watu kidogo, kugawa vikombe vya kudumu kulisogeza, na tozo ndogo juu ya kikombe cha kutupa ilisogeza pia. Punguzo halikusogeza. Mtu huuma meno akikatwa kidogo kuliko anavyofurahi akiongezewa kiasi kilekile.

Kwa hiyo tumieni tozo, lakini jumla anayolipa mnunuzi isibadilike: gharama ya kikombe cha kutupa itolewe ndani ya bei na iandikwe peke yake kwenye risiti. Mnunuzi atalipa jumla ileile ya jana, lakini leo anaona kwamba kikombe kile hakikuwa cha bure hata siku moja.

Vipi vikombe na sahani "zinazooza", au mifuko ya pamba?

Nyingi ya hizo zinazooza ni PLA, plastiki inayotokana na wanga wa mimea. Huoza vizuri katika mitambo ya mboji ya kiwandani yenye joto la takribani nyuzi 60 za Selisiasi. Shimo la mboji la shuleni halifiki huko na kukaa huko. Mkivitupa kwenye dampo vinakaa, na vikichanganyika na chupa za PET vinaharibu mzigo wa mchakataji. Kama hakuna mtambo wa aina hiyo unaopokea taka zenu, mmebadilisha jina la kitu mnachotupa. Zile zinazodaiwa kusambaratika zenyewe kwa jua na hewa ni mbaya zaidi: husambaratika kuwa vipande vidogo, na Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kuanzia Julai 2021.

Mfuko wa pamba nao una deni. Mamlaka ya mazingira ya Denmark ilikadiria mwaka 2018 kwamba mfuko wa pamba ya kawaida hutakiwa kutumika mara 52 ili ulingane na mfuko wa plastiki kwa upande wa tabianchi pekee, na maelfu ya mara vigezo vyote vikijumlishwa, yakiwemo madhara kwa tabaka la ozoni. Kwa hiyo achaneni na desturi ya kugawa mifuko mipya yenye nembo kwenye kila kongamano la mazingira. Mfuko bora ni ule ambao mtu tayari anao.

Takwimu zipi tuzitumie darasani?

Chache, na zile mnazoweza kueleza zilikotoka. Uwanja huu umejaa namba zinazopendeza masikioni.

Chukueni ile ya "mirija ya kunywea milioni 500 kwa siku" nchini Marekani. Ilizunguka magazetini miaka mingi na ikatajwa katika mijadala ya sheria. Ilitoka kwa mvulana anayeitwa Milo Cress, ambaye mwaka 2011, akiwa na miaka 9, aliwapigia simu watengenezaji wa mirija akajumlisha makadirio yao. Kijana hakudanganya mtu. Alifanya utafiti wa kiwango cha umri wake na akaeleza alivyoufanya. Walioshindwa kazi ni watu wazima walioinakili bila kuuliza. Kisa hiki chenyewe ni somo zuri kuliko ile namba: wapeni wanafunzi wa sekondari wafuatilie namba moja hadi kwenye chimbuko lake.

Ile ya "chupa huchukua miaka 450 kuoza" pia ni makadirio. Plastiki imeanza kutengenezwa kwa wingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, hivyo hakuna aliyeishuhudia chupa ikimaliza hata miaka 100 ya safari hiyo. Semeni tu kwamba inadumu muda mrefu mno na hukatika kuwa vipande vidogo kabla ya kutoweka. Na ile ya kwamba kila mtu humeza plastiki yenye uzito wa kadi ya benki kila wiki, iliyosambaa mwaka 2019, watafiti wengine wamekuja kuikosoa kwamba imepitiliza sana. Iacheni.

Namba inayowagusa wanafunzi kuliko zote ni ile waliyoipata wenyewe kwenye turubai.

Masomo yenyewe tuyafundishe vipi bila kuongeza kipindi kipya?

Msiongeze. Mwalimu aliyebanwa na mtaala akisikia kipindi kipya hufunga masikio, nasi tunamwelewa. Ingizeni ndani ya kilichopo. Hisabati ina wastani, asilimia na chati. Takwimu za ukaguzi zinatosha muhula mzima. Kemia ina polima, yaani molekuli ndefu kama minyororo zinazounda plastiki: ukiweka vipande vya vifuniko na vya chupa kwenye ndoo ya maji, vifuniko vya PP na HDPE vinaelea na PET inazama, na hapo umeshafundisha densiti pamoja na namna mitambo inavyotenganisha taka. Somo la lugha lina uandishi wa barua rasmi, na barua hiyo iende kweli kwa msambazaji wa kantini. Akijibu, jibu lisomwe darasani. Asipojibu, lisomwe hilo pia.

Kwa watoto wadogo msianze na picha za kasa walionaswa. Huzuni bila kazi ya kufanya humfanya mtoto azibe masikio, au awe na hofu ambayo mzazi wake ndiye atakayeishughulikia usiku. Waanzeni na vitu vya mkononi: hiki kilitengenezwa na nini, kitatumika mara ngapi, kikiisha kinakwenda wapi.

Tahadhari moja tunaitilia mkazo. Msimpe mtoto kazi ya kuhesabu taka za nyumbani kwao na kuzisoma mbele ya wenzake. Familia inayonunua vipaketi vidogo vidogo hufanya hivyo kwa kuwa pesa ya siku ndiyo iliyopo, na mtoto hana la kujibu akichekwa. Mahesabu yafanyike kwa taka za shule.

Je, elimu hii inabadilisha chochote? Utafiti uliofanywa Uingereza kwa watoto wa miaka 8 hadi 13, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya mafunzo ya taka za baharini watoto walielewa zaidi na walisema wanachukua hatua zaidi. Walisema. Mtoto anayeulizwa na mkubwa hujua jibu linalotakiwa, na ndiyo sababu nyingine ya kupima pipa.

Chuo chetu kina maabara nyingi. Huko nako tunaweza kupunguza?

Huko ndiko kusikotazamwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter walipima idara yao ya bayolojia na kukuta takribani tani 267 za plastiki kwa mwaka 2014, kwa wanasayansi wapatao 280. Wakakadiria kwamba maabara za dunia zilizalisha tani milioni 5.5 mwaka huo. Karibu tani moja kwa kila mtafiti ni nyingi hata kwa mtu anayekunywa maji ya chupa kila saa.

Usalama hauchezewi: kilichogusa vijidudu, damu au kemikali kali kinafuata utaratibu wake, na mwanafunzi wa klabu asikisogelee. Lakini kuna vilivyo nje ya hapo. Mirija ya majaribio mikubwa hutumika pale ndogo ingetosha. Vyombo vya kioo vimejaa kabatini kwa kuwa mashine ya kuoshea iliharibika na hakuna aliyeomba itengenezwe. Ncha za pipeti zinaweza kununuliwa za kujazia kasha lilelile badala ya kasha jipya kila mara. Msimamizi wa stoo ya maabara ndiye mtu wa kwanza kuzungumza naye, kabla ya profesa.

Mkuu wa shule na mwenye kantini hawataki. Tufanyeje?

Mwenye kantini ana hoja ya kweli. Vyombo vya kuoshwa vinahitaji maji, sabuni, mtu wa kuosha, na vingine huibwa. Msimwendee na hotuba. Nendeni na hesabu ya anachotumia kununua vyombo vya kutupa kwa mwezi, nayo atakuwa nayo kwenye daftari lake. Pendekezeni jaribio la mwezi mmoja kwa kitu kimoja tu, kile cha juu kabisa kwenye ukaguzi wenu. Mara nyingi hatua rahisi kuliko zote ni kuacha kutoa kitu bila kuombwa, na hiyo humpunguzia gharama kuanzia siku ya kwanza.

Kwa mkuu, lengeni zabuni. Mkataba ukitiwa saini, mkono wake umefungwa hadi uishe, hata akiwaunga mkono. Pelekeni sentensi zilizokwisha kuandikwa, azinakili kama zilivyo, mathalani:

"Mzabuni atatoa chakula kwa vyombo vinavyooshwa na kutumika tena. Vijiko, mirija na vifuniko vya kutumia mara moja vitatolewa pale tu mteja atakapoomba. Mzabuni atawasilisha kila muhula idadi ya vyombo vya kutumia mara moja alivyonunua."

Sentensi ya tatu ina thamani kuliko mbili za mwanzo. Na siku ya kikao, hakikisheni meza kuu haikupangwa chupa ndogo za maji.

Vipi wanafunzi wanaohitaji mirija?

Wapo, kwa sababu ya ulemavu au ugonjwa, na mirija ya karatasi au ya chuma haiwafai wote. Mirija ya plastiki ibaki kaunta, apewe anayeomba, bila kuulizwa maswali. Kampeni inayomlazimisha mtu kujieleza ugonjwa wake mbele ya foleni imeshapotea njia.

Gari la taka haliji. Tunachoma wenyewe nyuma ya madarasa. Ni vibaya?

Ndiyo, acheni. Moshi wa plastiki una chembe ndogo zinazoingia mapafuni, na PVC ikiungua hutoa gesi ya kloridi ya haidrojeni pamoja na dioksini, ambazo ni sumu kali. Wanaovuta moshi huo ni watoto walio darasani. Hadi mtakapopata wa kuchukua, zikusanyeni zikiwa kavu, zimebanwa, mahali palipofunikwa. Ujazo mkubwa wa taka zenu ni hewa iliyo ndani ya chupa.

Sheria zinatusaidia?

Kwa mifuko, nchi nyingi zimekwisha kuchukua hatua: Bangladesh mwaka 2002, Rwanda 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019. Kwa plastiki kwa ujumla, mataifa yalikubaliana jijini Nairobi Machi 2022 kuandika mkataba wa kimataifa, lakini vikao vya Busan mwishoni mwa 2024 na Geneva Agosti 2025 viliisha bila maafikiano. Ugomvi mkubwa ni kama mkataba uweke kikomo cha uzalishaji au ushughulikie taka tu. Mjadala huo unachezeka vizuri sana darasani: wapeni wanafunzi nchi, zikiwemo zinazouza mafuta, na mmoja wao awakilishe waokota taka. Huyo wa mwisho huwa na hoja ambazo wengine hawakujiandaa nazo.

Klabu yetu hufa kila viongozi wanapohitimu.

Kwa sababu kumbukumbu imo vichwani mwao na kwenye simu zao. Fomu za ukaguzi, barua na tarehe ya mwisho wa kila mkataba zikae ofisini kwenye faili moja, chini ya mfanyakazi wa kudumu. Mchague mtu asiyekuwa na mipango ya kuhama, hata kama si msemaji hodari. Mweka hazina na msimamizi wa stoo hufaa kuliko mwalimu kijana mwenye hamasa. Na uchaguzi wa viongozi wapya ufanyike muhula mmoja kabla ya wa zamani kuondoka, ili wafanye ukaguzi mmoja pamoja.

Kampuni ya vinywaji inataka kutufadhili mapipa na vitabu vya mazingira. Tukubali?

Inategemea wanataka nini kisemwe. Kuna historia hapa. Shirika la Keep America Beautiful liliundwa Marekani mwaka 1953 kwa ushiriki wa kampuni za vifungashio na vinywaji, na kwa miongo mingi ujumbe wake ukawa juu ya mtu anayetupa ovyo. Aliyetengeneza chupa hakutajwa. Ni ujumbe rahisi kuukubali kwa sababu hauna uongo ndani yake. Una nusu tu ya habari.

Mapipa yanaweza kupokelewa. Vitabu vya kufundishia visipokelewe, na hapa hatuna nafasi ya majadiliano: anayeuza chupa asiandike somo la chupa. Kwa mapipa, wekeni masharti kwa maandishi. Nembo isizidi ukubwa mnaokubaliana. Msaada usifungamane na mkataba wa kuuza vinywaji vyao peke yao. Matokeo ya ukaguzi wenu, yakiwemo majina ya bidhaa zilizookotwa kwa wingi, yatachapishwa bila kupitiwa na kampuni. Sharti hili la mwisho wakilikataa, washukuruni kwa heshima zote na mrudishe mapipa.